Soko la Simuni Nalo Lina Mizani Yake

Siku ya gulio hapa Kerenge, chini ya milima ya Usambara, vijana hufungua belo za mitumba tangu alfajiri. Mashati hutandazwa juu ya turubai, viatu hupangwa jozi kwa jozi, na mnunuzi huigeuza nguo nje ndani, akaushika mshono, akaitazama juani, ndipo akauliza bei. Lakini siku hizi pembeni ya turubai hilo yupo kijana mwingine asiyepiga kelele. Yeye anapiga picha. Shati ambalo mama wa Magoma amelipita bila kulitupia jicho, picha yake hufika Mkoani, Pemba, kabla ya adhuhuri, na fedha yake hurudi kwa simu kabla ya alasiri.

Biashara hiyo si ya kudharauliwa, wala si ya kushangiliwa bila kufikiri. Inawalisha watu wengi pande zote mbili za maji. Kwa sababu hiyo hapana budi tujiulize kwa makini: mtu aliyeufanya uuzaji wa vitu vilivyokwisha kutumika kuwa ndiyo kazi yake achague soko gani la mtandaoni, na kwa kipimo kipi? Na viongozi wa Serikali zetu mbili wamfanyie nini yeye, pamoja na mnunuzi wake aliye ng'ambo?

Wazee wetu wanayakumbuka mambo haya yalikoanzia. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, rafu za maduka yetu zilibaki tupu. Nguo ikawa ni ya foleni. Walanguzi wakaficha bidhaa, na mwaka 1983 Serikali ikatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Mwaka uliofuata milango ilianza kufunguliwa. Zanzibar, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, ililegeza masharti ya biashara, na katika bajeti ya mwaka huo huo wa 1984 Serikali ya Muungano nayo ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu ya Dar es Salaam Novemba 1985, jina la Mzee Rukhsa likamfuata hadi alipofariki Februari 2024. Nguo ambazo watu walizibatiza jina la "kafa Ulaya" zikatoka mafichoni zikatandazwa hadharani.

Basi katika jambo hili ndugu zetu wa Visiwani walitutangulia. Hata leo friji, kabati, baiskeli na televisheni zilizotumika Ulaya na nchi za Ghuba hushushwa Unguja, na picha zake huonekana Korogwe siku hiyo hiyo. Nazo nguo za belo zinazoingilia bandari za Bara huvuka kwenda Visiwani. Mkondo unakwenda na kurudi, kama ulivyokwenda na kurudi enzi za majahazi. Kilichobadilika ni kwamba zamani mwenye mali alisafiri na mali yake, akasimama mbele ya mnunuzi, akaulizwa, akajibu. Sasa mali inasafiri peke yake.

Wapo wenzetu watakaouliza kwa nini kada wa Chama anaitetea mitumba badala ya kuvitetea viwanda. Swali hilo ni la haki. Kiwanda cha Urafiki kilichojengwa kwa msaada wa China mwaka 1968 kilikuwa fahari ya Taifa, na mimi ningali naamini kwamba nchi inayolima pamba haistahili kuvaa mabaki milele. Lakini tusijidanganye. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ndani ya miaka 3. Wafanyabiashara wa nguo chakavu wa Marekani wakalalamika, na Marekani ikatishia kuziondolea nchi zetu nafuu ya soko la AGOA. Kenya ikarudi nyuma, kisha Tanzania na Uganda. Rwanda iliyoshikilia msimamo wake ilisimamishiwa nafuu hiyo upande wa nguo mwaka 2018. Mpaka siku viwanda vyetu vitakapotuvisha, kijana anayeuza mtumba ni raia afanyaye kazi halali, naye anastahili kuongozwa kwa kanuni wala si kuachwa gizani.

SOKO SI MOJA

Kosa la kwanza la vijana wetu ni kudhani kwamba mtandao ni soko moja. Masoko haya yana aina zake, na kila aina ina mali inayoifaa.

Aina ya kwanza ni soko la matangazo. Mfano wake ni Jiji, lililoanzia Nigeria mwaka 2014, na ambalo mwaka 2019 lilizinunua biashara za OLX katika nchi 5 za Afrika, yetu ikiwa mojawapo. Hapo muuzaji hubandika tangazo, mnunuzi hupiga simu, kisha wawili hao hukutana. Soko lenyewe halishiki fedha yao wala halibebi mzigo wao. Aina hii inafaa kwa vitu vizito na vya thamani ambavyo hakuna mwenye akili timamu atakayevinunua bila kuviona: pikipiki, friji, cherehani, jenereta, kitanda cha mninga. Udhaifu wake ni kwamba wauzaji ni wengi na wote wanafanana, hata tangazo la leo huzikwa kesho chini ya mengine, na anayetaka kubaki juu hutakiwa kulipia.

Aina ya pili ni ukurasa au kundi: Instagram, Facebook, WhatsApp. Hapa mtu huuza jina lake kabla hajauza mali. Aina hii inafaa kwa nguo, viatu na mikoba, ambapo kila kitu ni kimoja tu na mteja hurudi kwa kuwa alipendezwa mara ya kwanza. Gharama yake ni muda na bando. Mwenye ukurasa hana siku ya kupumzika, na asipoonekana kwa wiki 2 wateja humsahau.

Aina ya tatu ni soko linaloshika fedha na kusimamia usafirishaji. Huko ng'ambo ndiyo njia ya eBay, lililoanzishwa Marekani mwaka 1995, na ya Vinted, lililoanzia Lithuania mwaka 2008 kwa ajili ya nguo zilizotumika. Soko la namna hii huizuia fedha ya mnunuzi kwa muda, ili mzigo ukifika mbovu au usipofika pawe na mahali pa kudai. Hapa kwetu Jumia ilijaribu kuendesha soko kubwa la mtandaoni, ikafunga shughuli zake nchini Novemba 2019. Kwa hiyo kitu hasa ambacho mnunuzi wa Wete au Chake Chake anakihitaji kuliko vyote, yaani mtu wa tatu mwaminifu wa kushika fedha hadi mzigo ufunguliwe, ndicho kitu ambacho muuzaji wetu mdogo hanacho.

HESABU KABLA YA PICHA

Kipimo cha pili ni hesabu. Vijana wengi huhesabu bei ya kununua na bei ya kuuza, wakayasahau yaliyo katikati. Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Shati limenunuliwa shilingi 3,000. Kulifua na kulipiga pasi ni shilingi 500, na sehemu yake ya bando ni shilingi 300. Bodaboda hadi kwenye basi ni shilingi 1,000, mzigo kwa basi hadi Tanga na kwa chombo hadi Pemba ni shilingi 2,000, na makato ya kutoa fedha ni shilingi 500. Jumla ni shilingi 7,300. Shati likiuzwa shilingi 8,000, mtu aliyeshinda na simu mkononi kutwa nzima amepata faida ya shilingi 700.

Sasa mashati hayo hayo yawe 10 katika furushi moja, yakienda kwa muuza duka mmoja wa Mkoani. Kununua, kufua na bando ni shilingi 38,000. Bodaboda ni ile ile shilingi 1,000, mzigo mkubwa zaidi tuseme shilingi 5,000, na makato shilingi 2,000. Jumla ni shilingi 46,000, na mauzo ni shilingi 80,000. Faida ni shilingi 34,000, yaani shilingi 3,400 kwa kila shati. Mali ni ile ile, bahari ni ile ile. Kilichotofautiana ni mnunuzi. Kwa hiyo mwenye kuvusha mali majini hana sababu ya kukimbilia soko lenye watazamaji wengi. Atafute lile litakalompatia wanunuzi wachache wenye kuchukua kwa wingi na kurudi tena, na rejareja aiuze hapa hapa gulioni.

Kipimo cha tatu ni kudumu. Usiku wa kuamkia Januari 16, 2022, soko la mitumba la Karume, Ilala, liliteketea kwa moto, na waliokuwa wameweka kila kitu mahali pamoja walibaki na majivu. Soko la simuni nalo huungua, ingawa halitoi moshi. Waliotegemea Jumia walijua hivyo mwaka 2019. Na mwisho wa Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa, mtu ambaye wateja wake wote walikuwa ndani ya ukurasa hakujua hata pa kuwapigia. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Muuzaji wa kweli awe na daftari la karatasi: jina la mteja, namba yake ya simu, alichonunua, alicholipa, anachodai. Soko likifungwa, daftari halifungwi.

Kipimo cha nne ni sheria. Shirika la Viwango, TBS, limekataza kuuza nguo za ndani zilizotumika, na katazo hilo haliondoki kwa kuwa mauzo yamefanyika faraghani. Anayeuza simu zilizotumika akumbuke kwamba Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchini kote. Kabla ya kununua aitazame namba ya utambulisho wa simu kwa kubonyeza *#06#, kisha aitume kwenda 15090 kuihakiki. Na kila anayenunua kitu kwa mtu asiyemjua amwombe jina, namba na maandishi ya mauzo, kwani kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai hata kama mpokeaji ana ukurasa wenye wafuasi elfu moja.

PICHA HAINA HARUFU

Lakini juu ya vipimo vyote hivyo pana kimoja kikubwa zaidi, nacho ni uaminifu. Sisi tuliokaa chuoni tukiwa watoto tulifundishwa kwamba ipo sura nzima katika Kurani, ya 83, ambayo jina lake lenyewe ni la watu wanaopunja vipimo. Tulifundishwa pia kwamba aibu ya bidhaa haifichwi, na kwamba mnunuzi aliyefichwa aibu ana haki ya kurudisha. Mafundisho hayo yalitolewa kwa watu waliokuwa wakisimama uso kwa uso mbele ya mizani. Yanatuhusu zaidi sisi ambao mizani yetu ni kioo cha simu. Picha haina harufu. Picha haishikiki. Picha haigeuzwi nje ndani.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua cherehani kwa picha. Ilipofika, mguu mmoja wa meza yake ulikuwa umekatika na kuungwa kwa waya. Aliyeniuzia hakuwa mwizi. Aliipiga picha upande wake mzuri, basi. Nililalamika, akaniambia nirudishe, na nauli ya kurudisha ilikuwa karibu nusu ya bei. Mimi niko Bara na barabara ipo. Je, yule wa Pemba aliyepokea friji isiyopoza airudishe kwa chombo gani, na kwa fedha ya nani? Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Katika biashara ya picha mnyonge ni yule aliye mbali, na kwa Watanzania wa Visiwani umbali huo ni wa maji.

Tena si kila muuzaji ni mzembe tu. Ile jumbe inayosema "ile hela tuma kwenye namba hii" imewalia watu mitaji yao, na matapeli wa namna hiyo wamehamia masokoni, ambako hubandika picha za mali ya watu wengine. Ujumbe wa kitapeli upelekwe kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano. Muuzaji mwaminifu naye ajitenge nao kwa matendo: apige picha ya kasoro kabla ya picha ya uzuri, aandike kipimo cha nguo kwa sentimita, airekodi friji ikiwa inanguruma, na atamke mapema nani atakayelipa nauli mzigo ukirudi. Watu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Simuni kibaya nacho huvaa vizuri, kwa hiyo kizuri lazima kijieleze.

NENO KWA WATENDAJI

Nayasema haya kwa watendaji wa pande zote mbili, kwa heshima na bila kumung'unya maneno. Vijana wametimiza wajibu wao wa kujiajiri. Sasa ni zamu ya ofisi.

Kwanza, Bara ipo Tume ya Ushindani, na Zanzibar ipo tume yake ya ushindani halali wa biashara. Mnunuzi wa Micheweni aliyepunjwa na muuzaji wa Korogwe apeleke shauri lake wapi? Tume hizi zikae pamoja na kuweka utaratibu mmoja wa kupokea malalamiko ya mauzo yanayovuka bahari, wenye namba moja ya simu, ili mwananchi asitupwe kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Pili, posta ni jambo la Muungano. Shirika la Posta lina kaunta Bara na Visiwani, lina magari, na lina jina ambalo hata bibi kijijini analijua. Huduma ya lipa ukipokea, ambamo mnunuzi huweka fedha kaunta ya posta ya Chake Chake, mzigo hufunguliwa mbele ya karani, na ndipo muuzaji wa Korogwe hulipwa, ingeziba lile pengo la mtu wa tatu mwaminifu. Itangazwe kwa nauli ambayo muuza mashati 10 anaimudu, na ifike hadi huku vijijini.

Tatu, suala la kodi kwa mali inayovuka baina ya Zanzibar na Bara lilikaa katika orodha ya hoja za Muungano kwa miaka mingi. Sidai kwamba kila anayelalamika kutozwa mara mbili ana haki. Nadai kwamba kila mmoja ana haki ya kujua kabla hajapakia. Jedwali la viwango, kwa Kiswahili, litundikwe katika kila gati na bandari ndogo: Tanga, Pangani, Kipumbwi, Mkoani, Wete, Mkokotoni. Mtu anayejua atakachotozwa hulipa. Asiyejua hutafuta usiku na bandari bubu, na hapo Serikali hukosa mapato, naye huhatarisha maisha yake.

Nne, ipo haja ya kumtofautisha anayeuza kitanda chake kwa kuwa anahama na anayeuza vitanda kila wiki. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2023, masoko ya mtandaoni hutakiwa kuwapelekea wakusanya kodi taarifa za wauzaji, lakini aliyeuza chini ya mara 30 kwa mwaka na asiyezidisha euro 2,000 haripotiwi. Hatulazimiki kuiga namba zao. Tunaweza kujifunza hekima yake: kwamba mpaka ukitajwa wazi, mdogo hulala usingizi na mkubwa hukosa kisingizio.

Najua atatokea mtendaji atakayesema kwamba haya ni mambo madogo ya mashati na viatu. Kwake yeye ni madogo. Kwa mama wa Kojani aliyetuma shilingi 40,000 kumnunulia mwanawe baiskeli ya kwendea shule, ikafika isiyo na breki au isifike kabisa, hayo ni makubwa, na atakachokikumbuka ni kwamba alipunjwa na "mtu wa Bara." Neno hilo likitamkwa mara nyingi huwa ufa. Chama kilichozaliwa Februari 5, 1977 kwa kuunganisha TANU ya Bara na ASP ya Visiwani hakiwezi kuuona ufa huo ukianza katika furushi la mitumba kikanyamaza.

Vijana wa Kerenge nao nawaambia hivi. Mkipiga picha kesho gulioni, geuzeni shati nje ndani kwanza, na mshono uliofumuka uonekane. Mnunuzi aliye ng'ambo ya maji hawezi kuushika kwa mkono wake, naye amewaamini ninyi mumshikie.